Fahamu: Vita Baridi ilivyofika malishoni Hanang

Baada ya 1945, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilianza kugombea dunia, na misaada ikageuzwa silaha. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi, iliyokuwa upande wa Marekani, iliondoa msaada wake wa kijeshi Tanzania, kisa Ujerumani Mashariki, ya upande wa Wasovieti, kuruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaukataa na ule uliobaki. Kanada, mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ikachukua nafasi ya kufundisha jeshi.

Kisha ikaja ngano. Miaka ya 1970, kwa fedha na matrekta ya Kanada, shirika la umma NAFCO lilianza kulima Basotu, wilayani Hanang, hadi kufikia mashamba saba ya takriban ekari 10,000 kila moja. Mjini walipata mkate. Wabarabaig, wafugaji wa eneo hilo, walipoteza malisho bora ya ng'ombe wao, njia za kwenda majini zikafungwa, na trekta likapita juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Wanakijiji wa Mulbadaw, hapo hapo Hanang, waliishtaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi.