Je, Wajua? Uhai wa Mpanda Pikipiki Umebebwa na Povu Jeupe

Ukinunua televisheni au friji mpya, ndani ya boksi unakuta povu jeupe gumu limeizunguka pande zote. Wengi hulitupa jalalani siku hiyohiyo. Povu la jamii hiyo, likiwa limeshindiliwa zaidi, ndilo linalomlinda dereva wa bodaboda na abiria wake. Limejificha katikati ya helmeti, kati ya ganda la nje linalong'aa na kitambaa laini kinachogusa nywele, na wanunuzi wengi hawajawahi kuliona. Wao huchagua kwa rangi, kwa kioo cheusi, kwa michoro ya pembeni.

Jina lake la kitaalamu ni polistirini. Ni vipunje vya plastiki vilivyopashwa kwa mvuke mpaka vikavimba na kushikana, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa tupu. Kazi yake ni kupondeka, ili kichwa kisipondeke.

Ubongo ni tishu laini iliyozungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama papo hapo, lakini ubongo bado uko mwendoni. Unajigonga kwenye mfupa, mishipa ya damu inachanika, kisha uvimbe unaanza mahali pasipo na nafasi ya kuvimbia. Kinachoamua ukubwa wa dhara ni umbali ambao kichwa kinapewa ili kisimame. Kichwa kinachokwenda kilomita 27 kwa saa kikisimama ndani ya milimita 3, kinapata mshtuko unaozidi mara 900 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kikipewa sentimita 3 za povu la kupondeka, mshtuko huo unashuka chini ya mara 100. Tofauti ya kifo na maumivu ya kichwa yaweza kuwa sentimita hizo tatu.

Nimetaja kilomita 27 kwa makusudi. Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, huipima helmeti kwa kuiangusha juu ya fuawe la chuma kwa mwendo huo, sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 3. Msomaji atauliza: na mimi ninayekimbia 60? Mara nyingi aangukaye haendi mbele na kugonga ukuta. Anaporomoka kutoka kimo cha kiti, kisha anaburuzika barabarani. Mwendo wa kichwa kwenda chini, kutoka kimo cha mita moja na nusu, ni kama kilomita 20 kwa saa tu. Helmeti nzuri imetengenezwa kwa pigo hilo hasa. Haikupi ruhusa ya kukimbia. Ukigonga nguzo au lori uso kwa uso, hesabu ni nyingine.

Elimu ya helmeti za pikipiki ilisukumwa mbele na kifo cha mtu mmoja mashuhuri. Mei 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alikuwa akiendesha pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumba yake huko Dorset, Uingereza. Alijaribu kuwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa. Hakuwa na helmeti. Alilala siku sita bila fahamu, akafa akiwa na umri wa miaka 46. Kati ya madaktari walioitwa kumwona alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Cairns hakuliachia jambo hilo hapo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza na matarishi wa jeshi wakawa wanakufa barabarani kwa pikipiki, alikusanya kumbukumbu za majeruhi, na mwaka 1941 akachapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza kuonyesha kwamba helmeti inaokoa. Novemba mwaka huohuo jeshi likawaamuru matarishi wake wote wavae. Raia wa Uingereza walisubiri mpaka 1973 ndipo sheria ikawabana. Miaka 38 baada ya Lawrence! Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 61, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Helmeti za zama za Cairns hazikuwa na povu la leo. Wazo la bitana inayokufa ili kichwa kiishi lilishika mizizi Marekani, ambako C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alipata hataza mwaka 1953 kwa helmeti yenye bitana ya kunyonya nguvu ya pigo.

Basi ukiingia dukani, anza ndani. Inua kitambaa kidogo na ubonyeze kwa kidole gumba. Ukikuta povu gumu, nene, lililozunguka mpaka pembeni na nyuma, endelea kuitazama. Ukikuta sponji kama ya godoro, au ganda tupu, irudishe hata kama inang'aa kama kioo. Kofia za mafundi ujenzi nazo si za barabarani: zimetengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka utosini, si kwa kichwa kinachogonga lami kwa ubavu.

Kisha tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Helmeti iliyopita kipimo cha Umoja wa Mataifa ina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Namba ya kibali ikianza na 05 au 06 inaonyesha toleo la kanuni. La 06 ni jipya zaidi na linapima pia jinsi kichwa kinavyozungushwa na pigo la ubavuni. Herufi P baada ya namba inasema kidevu kimelindwa, J ni helmeti ya uso wazi, na NP inaonya kwamba kile kinachoonekana kama kinga ya kidevu hakikupimwa kuwa kinga. Alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, nayo itafute, lakini stika peke yake isikutoshe. Kidole gumba hakidanganywi na stika.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: kukaa kwa helmeti kichwani. Pima kichwa kwa futi kamba juu kidogo ya nyusi. Ivae, ikubane mashavu kwa usawa, kisha jaribu kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele mkanda ukiwa umefungwa. Ikivuka, haifai. Kaa nayo dakika kumi hapo dukani. Ikikuchoma sehemu moja ya paji la uso, umbo lake si la kichwa chako, na hutaivumilia barabarani. Anayesuka au kuvaa hijabu apime akiwa hivyohivyo, bila pini za chuma wala fundo kubwa kisogoni.

Ninasisitiza starehe kwa sababu helmeti inayoumiza huishia kutundikwa kwenye usukani. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa tafuta matundu ya hewa yanayopenya hadi ndani, na kitambaa cha ndani kinachotoka ili kifuliwe kwa sabuni. Abiria wanaokataa helmeti ya kijiweni wakiogopa mba na mashilingi wana hoja ya haki. Dereva anayewawekea kofia nyepesi za kuvaa chini yake anawaheshimu, na anawalinda. Rangi nayo ina uzito: utafiti wa Auckland, New Zealand, wa mwaka 2004 uliona kwamba waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya ajali kwa asilimia 24 kuliko wa helmeti nyeusi.

Povu hili lina maadui wawili. Wa kwanza ni petroli na thina, ambazo huliyeyusha. Usisafishe helmeti kwa vitu hivyo. Wa pili ni pigo lenyewe. Povu likishapondeka halirudi, hata kama ganda halina mkwaruzo. Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo, nunua helmeti mpya, nyeupe, isiyo na mapambo, yenye lebo ya kweli na inayokukaa, na uiache ile ya mtumba yenye jina kubwa ambayo hujui ilishagonga nini. Halafu funga mkanda kila safari, hata ya kwenda dukani mtaa wa pili.