Ishara za kifo katika riwaya za vijana hufunza thamani ya uhai

Swali ambalo wazazi hupenda kuniuliza ni hili: mbona riwaya za fantasia za vijana zimejaa vifo na mazimwi? Si ni heri mtoto asome mambo ya kuchangamsha?

Jibu langu ni kwamba ishara hizo hazimfunzi kijana kupenda kifo. Humfunza kwamba uhai ni dhaifu, na ndiyo maana una thamani.

Hebu tutazame msururu wa Harry Potter wake J.K. Rowling, mwandishi wa Uingereza, uliochapishwa kati ya 1997 na 2007. Wanafunzi wa shule ya uchawi hubebwa na magari ya kukokotwa, lakini kwa miaka kadhaa Harry haoni kinachoyakokota. Katika kitabu cha tano (2003), baada ya mwenzake Cedric kuuawa mbele yake, ndipo anapowaona: farasi weusi wenye mabawa, ngozi imegandamana na mifupa. Luna pia huwaona, kwani alishuhudia mamake akifa alipokuwa na umri wa miaka tisa.

Tukichambua ishara hii, tunagundua kwamba farasi hao walikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni macho ya Harry. Tena, licha ya sura yao ya kutisha, si waovu. Ndio wanaombeba yeye na wenzake hadi London wakati wa dharura.

Mfano wa pili ni riwaya ya The Farthest Shore (1972) yake Ursula K. Le Guin wa Marekani. Humo, mchawi Cob anafungua tundu kati ya walio hai na wafu ili asife kamwe. Basi dunia nzima inaanza kunyauka: waimbaji wanasahau nyimbo, mafundi wanapoteza ustadi wao, na wachawi wanakosa nguvu. Cob mwenyewe hafi, lakini hata jina lake halikumbuki tena. Anayekataa kufa, ishara hii inatuambia, huishia kukosa hata huo uhai anaoung'ang'ania.

Je, haya yanatuhusu vipi? Kiswahili kina tafsida tele za kifo: kuaga dunia, kufariki, kutangulia mbele za haki. Tafsida hizo husitiri majonzi, nami sina ugomvi nazo. Tatizo ni pale mtoto aliyefiwa anapoambiwa eti babake 'amesafiri', halafu watu wazima wakanyamaza. Mtoto hubaki akingoja, na akihisi jambo ambalo hana neno la kulitaja.

Mtoto kama huyo akikutana na Luna kitabuni, anampata mwenzake. Anatambua kwamba wapo wengine wanaoona anachokiona yeye. Kwa hiyo mzazi, kabla hujakificha kitabu hicho, kisome kwanza, kisha mketi na mwanao mkizungumzie.