Tamthilia ya hospitali inadumuje miaka 15 bila kuchosha?

Juzi kijiweni tulibishana kuhusu ER na Grey's Anatomy mpaka chai ikapoa. Jamaa mmoja anasema siri yao ni magonjwa: kila wiki ugonjwa mpya, basi. Mimi nikakataa, na naomba niiweke hoja yangu vizuri hapa.

ER ilirushwa Marekani kuanzia 1994 hadi 2009, misimu 15, sehemu 331. Grey's Anatomy ilianza 2005, ikaivuka ER mwaka 2019, na 2022 ikafikisha sehemu 400. Sasa jiulize: ukishaona mara kumi mgonjwa anakimbizwa na kitanda cha magurudumu, mara ya kumi na moja itakushtua nini? Majina ya magonjwa kwa sisi watazamaji ni yale yale tu.

Siri ya kwanza ni mlango. Hospitali hizo za kubuni ni za kufundishia, kwa hiyo wanafunzi wapya wanaingia na wazoefu wanaondoka. Mgeni hajui kitu, anaogopa, anauliza, na sisi tunaelewa kupitia yeye. John Carter wa ER alianza akiwa mwanafunzi. Miaka inapita, yeye ndiye anafundisha wenzake. George Clooney aliondoka 1999 na tamthilia ikaendelea miaka kumi. Mtu kuhama kazi hospitalini ni jambo la kawaida, halibomoi hadithi.

Siri ya pili, na hii ndiyo kubwa, ni mtu kubadilika. Hapa mfano wangu si wa televisheni, ni wa redio, tena ya kwetu.

Mwezi Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Mkwaju ni dereva wa lori, ana mke, Tunu, na wanawake kila kituo. Singida tunaelewa haraka, maana malori ya kwenda Mwanza na Rwanda yanapita hapa kwetu.

Jirani yetu mmoja, dereva mstaafu, aliniambia walikuwa wanausikiliza ndani ya kabini yeye na utingo wake. Mwanzoni walikuwa wanamshangilia Mkwaju, wanamuona mjanja. Mkwaju alipopata virusi, kicheko kikaisha. "Mwanangu," aliniambia, "redio hatukuzima, lakini hatukuongea mpaka Nzega."

Mtindo huo ulitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyeanza kuutumia kwenye tamthilia za televisheni miaka ya 1970. Wahusika ni wa aina tatu: mwema, mbaya, na anayeyumba katikati. Mwema tunamjua, mbaya tunajua anakoelekea. Anayeyumba ndiye anatufanya turudi, maana hatujui kesho ataangukia wapi. Tunu alikuwa wa aina hiyo: alivumilia sana, halafu taratibu akaanza kujisimamia. Yule mwanafunzi wa ER naye ni ndugu yake kabisa.

Na haya si mambo ya burudani tu. Kuanzia 1993 hadi 1995 kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, makusudi, ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizousikia zilionyesha mabadiliko makubwa zaidi katika uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi kuliko Dodoma. Mwaka 1995 Dodoma nao wakaanza kuusikia. Ina maana msikilizaji akichoka akazima redio, kinga nayo imezimwa.

Kwa hiyo wanaoandika michezo ya afya, acheni kuhangaika na ugonjwa mpya kila wiki. Tupeni nesi mmoja wa zahanati ya kijijini. Mwacheni akosee, na kosa lile asilisahau sehemu inayofuata, limfuate mpaka abadilike au aharibikiwe. Mimi nitamfuatilia hata miaka 15.

Yule jamaa wa kijiweni bado hajakubali. Wadau mnasemaje?