Kadi ya Mkopo na Mkate wa Kila Siku: Kwa Nini Watu Huichagua?

Utangulizi

Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Msemo huu mfupi wafundisha kwamba furaha ya kupokea na uchungu wa kulipa ni ndugu wawili wasiofika nyumbani siku moja. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini watu wengi, hasa Marekani ambako kadi hizi zilianzia, huchagua kulipia mahitaji ya kila siku kwa kadi ya mkopo. Hatusemi juu ya nyumba wala shamba, bali juu ya mkate, maziwa, dawa na petroli. Mtu akikopa ili ajenge, twamwelewa. Lakini mtu mwenye fedha benki akikopa ili anunue mkate, sharti pawe na sababu. Na sababu zenyewe si za kipumbavu kama tunavyoelekea kudhani tunapohubiri juu ya madeni.

1. Chanzo cha kadi

Mkopo wa dukani ni wa kale kuliko kadi. Mwenye duka aliwajua wateja wake, akaandika madeni yao katika daftari, na aibu ya kukutana naye njiani ilitosha kuwa dhamana. Mwaka 1950 Frank McNamara na wenzake walianzisha Diners Club mjini New York. Mwenye kadi hiyo alikula katika mikahawa iliyoikubali, kisha akalipa deni lote kwa mwezi. Mwezi Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 kwa posta, bila wao kuziomba. Kadi hiyo, iliyopewa jina la Visa mwaka 1976, ilitofautiana na ile ya kwanza: mteja aliruhusiwa kulipa sehemu tu ya deni, na salio likaendelea kutozwa riba. Hivyo daftari la duka moja likageuka kuwa daftari la nchi nzima, na mwia hakuwa tena jirani.

Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki yaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo la makao ya benki hiyo. South Dakota ikaondoa kikomo cha riba mwaka 1980, na Citibank ikahamishia huko shughuli zake za kadi. Tangu hapo vikomo vya riba vya majimbo mengine vilipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

2. Sababu za yule alipaye deni lote

Tuanze na mtu ambaye kila mwezi hulipa deni lake lote. Yeye ana sababu nne zilizo wazi.

Ya kwanza ni usalama. Kwa sheria ya Marekani, kadi ya mkopo ikiibwa na kutumiwa, hasara ya mwenyewe haizidi dola 50. Kadi ichukuayo fedha moja kwa moja katika akaunti haina kinga sawa: mwenyewe akichelewa kutoa taarifa zaidi ya siku mbili za kazi tangu ajue wizi huo, hasara yaweza kufika dola 500. Tena, wakati shauri linachunguzwa, fedha zilizokwisha kutoka akauntini ni zake, lakini katika kadi ya mkopo zinazogombaniwa ni fedha za benki.

Ya pili ni muda. Alipaye deni lote kwa siku iliyowekwa kwa kawaida hatozwi riba juu ya manunuzi yake, na sheria ya mwaka 2009 inataka taarifa ya deni itumwe angalau siku 21 kabla ya siku hiyo. Huyu hutumia fedha za benki bure kwa majuma kadhaa.

Ya tatu ni zawadi. Kadi ya Discover, iliyoanza 1986, ilimrudishia mteja sehemu ndogo ya fedha alizotumia. Mwaka 1987 American Airlines na Citibank walitoa kadi iliyompa mtumiaji maili za safari za ndege kwa kila dola. Leo kadi nyingi hurudisha senti moja au mbili kwa dola. Ndiyo maana mtu hulipia hata kitunguu kwa kadi: akilipa taslimu, huona kwamba ameacha kitu chake mezani.

Ya nne ni sifa. Kila mkopaji hupewa alama za uaminifu. Zile zitumikazo zaidi, za FICO, zilianza 1989 na huhesabiwa kutoka 300 hadi 850. Benki huzitazama kabla ya kukopesha, na wenye nyumba wengi kabla ya kupangisha. Hapa mwanafunzi atokaye kwetu hushangaa. Amekuja na dhamiri safi, hajawahi kudaiwa na mtu, naye huambiwa kwamba hajulikani. Kwetu asiye na deni ndiye aaminiwaye. Kule ni yule aliyekopa akalipa. Basi hushauriwa achukue kadi, anunue chakula kwayo na kulipa kila mwezi, si kwa uhitaji, bali ili apate jina.

3. Sababu iliyofichika moyoni

Ipo sababu nyingine ambayo mtumiaji mwenyewe huenda asiijue. Mwaka 1998 wataalamu Drazen Prelec na George Loewenstein walieleza kwamba kulipa ni maumivu ya kweli moyoni, na kwamba maumivu hayo hupungua malipo yakitengwa na kitu kinunuliwacho. Noti itokapo mkononi, mtu huona imetoka. Kadi hurudi mfukoni ilivyokuwa, na taarifa ijapo mwisho wa mwezi, manunuzi arobaini yamekwisha kuwa jumla moja isiyo na sura.

Mwaka 2001 Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio lililofanywa kwa mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Washiriki wengine waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi. Katika tiketi zilizothaminiwa zaidi, wa kadi walitaja kwa wastani bei iliyozidi mara mbili ya ile ya wenzao. Tiketi zilikuwa zile zile; njia ya kulipa tu ndiyo iliyotofautiana. Wahenga wetu hawakufanya jaribio, lakini walilijua jambo lenyewe: kadi huiweka harusi mbali na matanga.

4. Nani alipaye zawadi hizo?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo letu, kwa maana benki haitoi zawadi kwa upendo. Wako walipaji wawili.

Wa kwanza ni yule asiye na kadi. Kwa kila malipo ya kadi mwenye duka hukatwa ada, mara nyingi asilimia 2 hadi 3. Naye huijumlisha katika bei, na bei hiyo hulipwa na wote, hata mama anayehesabu sarafu zake mbele ya keshia. Mwaka 2010 watafiti wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walikadiria kwamba kwa njia hii kila kaya itumiayo taslimu huzichangia kaya zenye kadi wastani wa dola 149 kwa mwaka, na kila kaya yenye kadi hupokea dola 1,133. Maskini humchangia tajiri, wala hakuna kati yao ajuaye.

Wa pili ni yule ashindwaye kulipa deni lote, na hao ni karibu nusu ya wenye kadi. Wastani wa riba ya kadi Marekani umepita asilimia 20 kwa mwaka tangu 2023. Tuchukue mfano wa deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 22. Riba ya mwezi wa kwanza ni kama dola 18. Akilipa dola 25 kila mwezi, zinazopunguza deni ni dola 7 tu. Atalipa kwa miaka sita na zaidi kidogo, jumla ya dola zipatazo 1,820, nao mkate alionunua ulikwisha kuliwa wiki ile ile. Wala si wote waliofikia hapo kwa anasa. Wengi walipungukiwa mshahara kabla ya mwezi kwisha, au walipata ugonjwa. Hawakuichagua kadi kwa ajili ya maili za ndege. Ndiyo mlango pekee uliokuwa wazi.

5. Neno kwa wahudumu

Jambo hili halikai ng'ambo tu. Nchini Kenya, huduma ya Fuliza iliyoanza Januari 2019 humwezesha mtumiaji wa M-Pesa kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi, kisha hutozwa ada mpaka alipe. Ni wazo lile lile: mkopo usioombwa kwa mdomo, usioonwa na jirani, unaoingia pale pale penye unga na nauli.

Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara na riba, alishauri watu wauziane kwa taslimu au bidhaa kwa bidhaa, kwa kuwa hakuna mwenye uhakika wa kesho. Mwaka 1540 aliwaandikia wachungaji hasa, akiwataka wahubiri dhidi ya riba, maana aliiona inamla jirani. Torati nayo (Kumb. 24:6) inakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Sheria hiyo yatofautisha deni la biashara na deni linalogusa chakula cha leo.

Kwa hiyo mchungaji asimhukumu mwenye kadi kwa haraka. Kwa alipaye deni lote, swali si kama ana hekima, bali ni nani aliyemlipia zawadi yake. Kwa aliyenaswa, mahubiri juu ya kiasi hayatoshi: aketi naye, wazihesabu pamoja riba na tarehe, na washirika waulizwe kama mfuko wa diakonia au chama cha kuweka na kukopa waweza kumtoa katika riba ile.

Hitimisho

Watu huchagua kadi kwa usalama, muda, zawadi na jina jema, na kwa sababu uchungu wa kulipa umeondolewa machoni pao. Uchungu huo haukufutwa. Umehamishwa, sehemu hadi mwisho wa mwezi, sehemu hadi nyumba ya mtu mwingine. Tukiomba mkate wetu wa kila siku, twaomba pamoja na huyo mwingine, maana neno tulilofundishwa ni "wetu".