Je, Wajua? Halmashauri Inapogonga Mlango wa Nyumba ya Kupanga

Je, wajua kwamba huko Uingereza afisa wa halmashauri akikagua nyumba ya kupanga huongozwa na orodha ya hatari 29? Zimo unyevu na ukungu, baridi kali, ngazi mbovu, nyaya za umeme, hata mlango dhaifu unaomrahisishia mwizi kazi. Utaratibu huo ulizaliwa na Sheria ya Nyumba ya 2004.

Afisa hamwangalii mpangaji aliyemo peke yake. Baridi huipima kwa kumfikiria mzee wa miaka 65 na zaidi. Unyevu, kwa mtoto wa miaka 14 kurudi chini. Sheria imeona mbali hapo, maana chumba anachovumilia kijana mwenye afya, kesho ataingia mama na kichanga. Hatari ikifika daraja la kwanza, halmashauri haina hiari: lazima ichukue hatua.

Je, wajua kwamba futikamba nayo ina kauli? Katika nyumba ya leseni ya halmashauri wanamokaa watu wa familia mbalimbali, chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakipungui mita za mraba 6.51. Pale dari iliposhuka chini ya mita 1.5, sakafu yake haihesabiwi.

Mwaka 2013 halmashauri ya Newham, mashariki mwa London, ilikuwa ya kwanza kudai leseni kwa nyumba za kupanga karibu zote za eneo lake.

Desemba 2020, mjini Rochdale, Awaab Ishak alifariki akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu ndani ya nyumba yao. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu ya ukungu huo. Rangi! Nyumba ile ilikuwa ya shirika la makazi, si ya mtu binafsi, lakini Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imefungua njia ya kuwabana wenye nyumba binafsi pia kwa sheria yenye jina la mtoto huyo.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 halmashauri ilipewa uwezo wa kutoza faini ya hadi pauni 30,000 bila kwenda mahakamani, na fedha hizo kuzitumia kwa ukaguzi zaidi?

Na mpangaji aliyewekwa kwenye nyumba isiyo na leseni inayotakiwa, anaweza kuomba baraza la nyumba limrudishie kodi, ambayo awali ilikuwa ya hadi miezi 12. Sheria ya 2025 imeifanya 24.