Mawe ya Kale, Maji ya Leo



Kamati za sharika, na wafadhili pia, wamekuwa wakituuliza: kwa nini fedha za maji zianzie kutunza chemchemi milimani, wakati wenye shida wako chini Chimala? Jibu liko kwenye mawe.

Chimala iko mahali ardhi ilipopasuka. Kusini kuna ukuta wa milima, ambao barabara ya Matamba huupanda kwa kona zaidi ya 50. Kaskazini ni tambarare ya Usangu. Huu ni mkono wa Bonde la Ufa. Mipasuko ya Bonde hilo ndiyo iliyofungulia njia volkano za Rungwe, Ngozi na Kiejo. Rungwe ulilipuka kwa nguvu miaka kama 4,000 iliyopita. Kiejo ulitoa lava mnamo mwaka 1800 hivi.

Majivu ya volkano yalirutubisha udongo wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Udongo huo hunyonya mvua kama sifongo na kuiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukilimwa hadi kwenye chanzo, mvua hupita juu kwa juu, hushuka kama mafuriko, na kiangazi chemchemi hupungua.

Maji huweza kuondoka. Wanajiolojia wamekuta alama za ufuo wa kale wa Ziwa Rukwa karibu mita 200 juu ya maji ya leo. Hilo lilitokana na mabadiliko ya hali ya hewa. Lakini Ruaha Mkuu, unaopokea mto Chimala, ulipoanza kukauka kiangazi kuanzia mwaka 1993, matumizi yetu wenyewe ya maji yalichangia.

Je, tuchimbe visima tu? Maji ya maeneo ya volkano huweza kuwa na floridi nyingi. Arusha na Kilimanjaro imewaharibu wengi meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hivyo kila kisima lazima kipimwe kwanza.

Tunaziomba kamati:
- Ziorodheshe chemchemi zote za usharika.
- Zisimamie mita 60 za Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 kandokando ya mito.
- Zisipande mikaratusi kwenye vyanzo. Zipande miti ya asili.

Bomba bila chanzo ni chuma kitupu.