Kurekodi Kazi za Tarakilishi: Muda Unaookolewa na Makosa ya Kuepuka

Karani anayeandaa ripoti ya kila siku ya ushuru wa soko hurudia hatua zile zile: kufungua faili, kufuta safu zisizohitajika, kupanga tarehe, kujumlisha makusanyo na kuchapisha. Hatua hizo zinaweza kurekodiwa mara moja, kisha tarakilishi ikazirudia yenyewe.

Katika Excel, kinasa hatua kiko kwenye menyu ya View, sehemu ya Macros. Karani hukiwasha, hufanya kazi yake kama kawaida, kisha hukizima. Programu huandika hatua hizo kama maagizo yanayoitwa makro. Ili makro ibaki ndani ya faili hiyo, faili ihifadhiwe kama .xlsm, si .xlsx. LibreOffice Calc, isiyolipiwa, pia ina kinasa, ila lazima kwanza kiruhusiwe katika mipangilio.

Vinasa hivyo hufanya kazi ndani ya programu zao tu. Kazi inayotoka mfumo wa malipo hadi lahajedwali, kisha barua pepe, huhitaji chombo kama Power Automate cha Windows, kinachorekodi mibonyezo katika programu mbalimbali. Hata hivyo, kitufe kikihamishwa au dirisha likichelewa kufunguka, kazi inaweza kukwama.

Kazi ikikwama, karani huona. Hatari zaidi ni kosa lisiloonekana. Makro iliyorekodiwa siku yenye risiti 40 inaweza kujumlisha mistari 40 pekee hata siku yenye risiti 55. Ripoti itatoka nadhifu, lakini malipo 15 ya wafanyabiashara hayatakuwa ndani ya jumla. Tena, katika Excel, yaliyofanywa na makro hayarudishwi kwa kitufe cha kutendua.

Kabla ya kutegemea makro, makarani wanashauriwa:

• Kuijaribu kwenye nakala ya faili, kwa siku yenye risiti chache na yenye risiti nyingi.
• Kulinganisha idadi ya risiti na jumla ya fedha na rekodi za mfumo kila siku.
• Kutorekodi nywila.
• Kutofungua makro zilizotumwa na wasiowajua. Tangu 2022, Microsoft huzuia makro za faili zitokazo intanetini. Kizuizi hicho kisiondolewe ovyo.

Tarakilishi hurudia ilichoonyeshwa. Anayetia sahihi ripoti ndiye anayewajibika kwa hesabu zake.